Mama Arlette Cirhuza na Miaka Kumi na Mmoja ya Kutafuta Familia Nzima

Ijumaa hii, tarehe 28 Februari 2014, Mama Arlette Cirhuza anastaafu baada ya kuutumikia Mradi wa Damu na Familia kwa miaka kumi na mmoja. Aliajiriwa Februari 2003, wakati mradi ulikuwa na meza mbili, mizani moja na jokofu lililonguruma kuliko jenereta iliyoliendesha. Anaondoka akiwa na umri wa miaka sitini, meno yake yote, na sauti ile ile ambayo ikisema "kaa vizuri" hata daktari hukaa vizuri. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Narcisse Bigirimana wa maabara, niandike wasifu wake, kwa madai kwamba nimekaa naye meza moja muda mrefu kuliko wengine. Ukweli ni kwamba wengine wote walikataa kwa kuogopa kwamba atawasahihisha Kiswahili.

Mama Arlette alizaliwa Bukavu, Kivu ya Kusini. Alisomea uuguzi huko huko, akafanya kazi katika wodi ya wazazi mpaka vita vilipoanza kumhamisha. Alikimbia mara ya kwanza mwaka 1996, akarudi, na mwaka 2001 akaondoka moja kwa moja. Alifika katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nje ya Lilongwe, na mumewe Gaspard, ambaye ni fundi cherehani, pamoja na watoto wao wawili: Rémy, aliyekuwa kijana wa kuanza kuota ndevu, na Darlène, mtoto wa miaka mitano. Gaspard alipata cherehani kabla hajapata kitanda. Mama Arlette naye alianza kuitwa kwa majirani wenye uchungu wa kuzaa, na hivyo ndivyo watu walivyomjua kabla ya kumjua kwa jina.

Mradi ulipotangaza kwamba unatafuta mtu anayejua kutoa damu, Kiswahili cha watu wa Maziwa Makuu, na Kifaransa kidogo, alikuja kwenye usaili akiwa amevaa sare yake ya zamani ya uuguzi, imepigwa pasi mpaka kola inasimama. Daktari Lumbani Mwale, mkuu wa mradi, alitoa mkono wake mwenyewe ili amjaribu. Anasimulia mpaka leo kwamba alikuwa bado anangoja kuchomwa pale Mama Arlette alipomwambia akunje mkono, kwa kuwa kazi imekwisha. Usaili ukaishia hapo.

Kwa wageni wetu wasiojua tulichokuwa tukikifanya miaka yote hii, niseme kwa kifupi. Ukijikata kidole, pale mahali huwa pekundu, hupata joto na kuvimba, kwa sababu mwili unapigana. Mapigano ya namna hiyo huendelea pia ndani, kimya kimya, hata kwa mtu anayejiona hana tatizo, na huacha alama katika damu. Alama tuliyoifuata zaidi ni protini moja inayotengenezwa na ini, ambayo sisi wa maabara tunaiita kwa herufi tatu, CRP. Mtu mwenye malaria huwa nayo nyingi, na hilo halimshangazi yeyote. La kushangaza ni kwamba watu wasioumwa chochote nao wanatofautiana: mmoja anayo kidogo sana, jirani yake anayo mara kadhaa zaidi. Tulitaka kujua tofauti hiyo inatoka wapi. Je, mtu huirithi kwa wazazi? Inatokana na unene, na umri, na kuwa mwanamke au mwanamume? Au inatokana na nyumba anayoishi, moshi wake na chakula chake?

Ili kujibu, tulihitaji familia zisizo na mgonjwa, baba, mama na watoto, katika kambi ya Dzaleka na katika mitaa ya Lilongwe wanakoishi wakimbizi: Kawale yenye ofisi yetu, Biwi na Chinsapo. Daktari alikuwa na maelezo yake ya kurasa tatu. Mama Arlette alikuwa na yake, na alianza kwa kuonyesha kidole mbabula, lile jiko la makaa lililoko mlangoni mwa kila nyumba. "Kila mutu iko na mbabula yake ndani," alikuwa akiwaambia akina mama. "Ingine inawaka sana, ingine kidogo. Tunataka kujua ni nani aliwasha." Hapo mama mwenye nyumba hucheka, na mkono tayari uko juu ya meza.

Lakini mwanzo haukuwa mzuri, na hapa lazima nisimulie kisa cha tangazo, maana yeye mwenyewe amenikataza nisikiache. Tangazo letu la kwanza la Dzaleka aliliandika Mama Arlette kwa mkono wake. Kwao Bukavu, mtu asiyeumwa ni mtu muzima. Ukikutana na rafiki unamuuliza kama yuko muzima, naye anakujibu. Kwa hiyo aliandika kwa herufi kubwa nyekundu: TUNATAFUTA FAMILIA NZIMA. Tukalibandika sokoni, kwenye milango ya makanisa na karibu na visima vya bomba. Kesho yake tukapanga viti, tukaweka sabuni za zawadi mezani, tukangoja.

Hakuna aliyekuja. Jua lilipopanda, akatokea mzee mmoja na ukoo wake wote, wajomba, wakwe, na bibi kizee aliyepakiwa kwenye kabaza, yaani baiskeli ya kukodi, kwa kuwa tangazo lilisema nzima naye hakutaka kuacha mtu. Baadaye tukasikia kwamba upande wa pili wa kambi watu walikuwa wameamua kuwa ni orodha ya kupelekwa Kanada. Na mchana akaja mjane mmoja Mrundi, Mama Vénérande, peke yake. Alikataa kiti. Alisema: "Nimekuja kuomba musamaha tu. Mumetuita, lakini sisi hatuko familia nzima. Bwana na batoto babili balibaki kwa njia."

Kambi yote ilikuwa imelisoma hivyo. Familia nzima, yaani familia isiyopungukiwa na mtu. Katika Dzaleka ya mwaka 2003 ungetafuta wapi familia ya namna hiyo? Mama Arlette alitoka nyuma ya meza, akamkalisha Mama Vénérande kwenye kiti chake mwenyewe, akakaa chini mbele yake, na hatukumwona tena kazini siku ile. Jioni alizunguka kambi nzima akibandua matangazo. Yaliyofuata yalisema tunatafuta familia ambazo watu wake hawaumwi, na watu wakaja kwa wingi mpaka sabuni zikatuishia. Bado tunamtania. Mtu akiandika barua isiyoeleweka ofisini, tunamwambia ameandika nzima.

Kazi yake ilikuwa na sehemu tatu: kuwahoji watu, kuwatoa damu, na kuifikisha damu Lilongwe ikiwa bado baridi. Katika kuhoji hakudanganywa kirahisi. Homa, kikohozi, kidonda, hata jipu la jino hupandisha CRP na kutuvurugia hesabu, kwa hiyo mwenye chochote alitakiwa arudi akipona. Papa Nsengimana wa Biwi alikuja na shavu lililovimba, ambalo alidai ni la kuzaliwa nalo. Mama Arlette hakubishana naye. Alimkaribisha karanga, akamtazama anavyozitafuna zote upande mmoja. Papa Nsengimana alipoona amekamatwa, alijitetea: "Mama, jino si mutu. Andika tu niko muzima." Aliandikwa mwezi uliofuata, baada ya kung'olewa, na mpaka leo akipita Kawale huingia ofisini kutuonyesha pengo.

Katika kutoa damu, sina haja ya kueleza. Watu walikuwa wakipanga mstari mbele ya meza yake wakati meza yangu iko tupu, na akina mama wa Chinsapo wakaupa mkono wangu jina la Nyundo. Nilijifunza kwake, na leo najitahidi, lakini jina halijafutika.

Na katika kusafirisha, alikuwa akitoka kambini na kasha la barafu mapajani, kwenye kabaza mpaka barabara kuu, kisha minibasi mpaka mjini. Watoto walimkimbilia wakidhani anauza barafu za rangi. Siku moja abiria mmoja alimsihi amfungulie anunue moja, maana joto lilikuwa kali. Mama Arlette alimwambia kwa upole kwamba zote ni nyekundu na zote zina wenyewe.

Sasa nieleze jambo moja la utendaji wake ambalo naamini ndilo lililouweka mradi hai. Tulihitaji kujua ni watoto gani waliozaliwa na wazazi wanaowalea, kwa sababu huwezi kusema mtoto amerithi kitu kwa mtu asiyemzaa, na kwenye vinasaba mtoto wa kulelewa huonekana mara moja. Lakini nenda Dzaleka, uingie nyumba yoyote, umuulize mama mbele ya watoto kama hawa wote ni wa tumbo lake. Wapo waliookotwa njiani, wapo walioachwa na dada, wapo walioshikwa mkono kwenye mpaka na hawakuachiwa tena. Wengine wanajua. Wengine hawajui, na hawajui kwa sababu kuna mtu ameamua wasijue.

Mama Arlette hakuuliza swali hilo ndani ya nyumba hata mara moja. Alimaliza mazungumzo, akashukuru, akaaga. Na kwa kuwa kwa watu wetu mgeni haachiwi aondoke peke yake, mama mwenye nyumba alilazimika kumsindikiza kidogo. Huko njiani, watoto wakiwa mbali, ndipo alipouliza. Nilimfuata nyuma mara nyingi nikibeba mizani, kwa hiyo nayajua maneno yake: "Mama, uniambie tu kama mutu na mutu. Huyu mutoto, ni we ulimuzaa, ao ni Mungu alikupatia kwa njia ingine? Yote ni sawa. Hakuna mwenye atajua." Akijibiwa, anashika mkono wa yule mama, anamgeuza, na anaanza yeye kumsindikiza kurudi. Daktari Mwale alipoona idadi ya watoto wa kulelewa hakuwaondoa. Aliwafanya kundi la pili, kwa sababu mtoto anayekula chungu kimoja na moshi mmoja na watu asiorithi kwao anaonyesha kazi ya nyumba peke yake. Wazazi walikubali. Watoto wote walipimwa sawa na kupewa sabuni sawa.

Nyumba moja ya Dzaleka tuliyoijua vizuri haikuingia: nyumba ya Mama Arlette. Tulimtania. Tukamwambia anauza dawa asiyoinywa mwenyewe. Alicheka na kubadilisha mazungumzo, na hatukulifikiria zaidi, maana sheria ya hiari ni sheria, hata kwa mfanyakazi.

Kuanzia hapa naandika kwa ruhusa ya Mama Arlette na ya binti yake Darlène, ambaye ameisoma sehemu hii kabla ya wengine na kunirekebisha mahali pawili.

Darlène hakuzaliwa na Mama Arlette. Mwaka 1996, watu walipokuwa wakiikimbia Bukavu, Mama Arlette alikuwa akitembea karibu na mwanamke mjamzito asiyemfahamu. Yule mwanamke alishikwa na uchungu kando ya barabara. Mama Arlette alimzalisha kwa kanga na maji ya chupa, mtoto akalia vizuri, lakini damu haikukatika, na kabla ya jua kuzama yule mama alikuwa amefariki. Alichobaki nacho Mama Arlette ni mtoto mchanga na jina moja, Bora, jina la marehemu. Aliendelea na safari. Yeye na Gaspard walikubaliana kwamba mtoto hataambiwa, na Rémy, aliyekuwa mdogo, alikubaliana nao kwa namna ya watoto, yaani hakuwahi kulitaja.

Ndiyo sababu alikwepa. Kuiandikisha nyumba yake kungemlazimu ajibu swali lake mwenyewe mbele yetu, watu anaokula nao nsima mchana, au adanganye na kuiharibu kazi aliyoipenda. Kukaa kando kulionekana njia rahisi. Kwa miaka minane ilikuwa rahisi kweli.

Mwaka 2011 karibu kila nyumba ya mtaa wao ilikuwa imepimwa, na watu wakaanza kujiuliza. Mradi unachukua familia zisizoumwa. Kwa Mama Arlette hawajachukuliwa. Basi kuna ugonjwa kwa Mama Arlette. Watu hawakuwa na ubaya, walijumlisha tu. Fidès, rafiki wa shule wa Darlène, alimwambia waziwazi wakiteka maji: "Kwenu njo hamuko bazima." Darlène alikuwa na miaka kumi na mitano. Alirudi nyumbani, akawakuta wazazi wake wakizungumzia uvumi ule ule nyuma ya cherehani, Gaspard akitaka waingie ili watu wanyamaze. Alimsikia mama yake akijibu: "Damu ya Darlène itaonekana tu. Njo maana sitaki."

Mtoto angeelewa nini? Alielewa kwamba mgonjwa ni yeye. Hakuuliza. Alifunga uzi mwekundu kwenye sikio la kikombe chake ili mwingine asikitumie. Aliacha kula sahani moja na wenzake. Mtoto wa Rémy, mpwa wake aliyekuwa ameanza kutembea, alipomkimbilia abebwe, alimkwepa. Nyumbani walidhani ni mambo ya umri. Mama Arlette, ambaye aliligundua jino la Nsengimana kwa karanga, alipitwa na hili kwa wiki kadhaa, na ananiambia kwamba katika kazi yake yote hakuna kilichomuuma zaidi. Siku aliyoosha vyombo mwenyewe na kuuona ule uzi, alikaa chini na kikombe mkononi.

Sasa alikuwa na mambo mawili mbele yake. Akinyamaza, binti ataendelea kujiona mgonjwa, na kambi nayo itaendelea kuamini hivyo. Akisema, anaweza kumpoteza mtoto aliyemlea tangu pumzi ya kwanza, maana nani anajua binti wa miaka hiyo atafanya nini na habari ya namna hiyo? Aliogopa. Alinieleza hofu yake kwa maneno machache siku ile tulipokuwa tukipanga mirija, nami nikampangia na ile ya upande wake.

Asubuhi iliyofuata alimwomba Darlène amsindikize mpaka barabarani. Darlène alibeba upande mmoja wa kasha, mama upande mwingine. Walipofika mahali pasipo na watu, walilitua. "Hauna ugonjwa," Mama Arlette alimwambia. "Hauna kitu. Mi sikukuzaa, njo ile tu." Kisha akamweleza yote, barabara, kanga, na jua lililokuwa bado halijazama. Darlène aliuliza swali moja: "Aliitwa nani?" Alijibiwa. Akabeba tena upande wake wa kasha mpaka kwenye kabaza, akaliweka vizuri, akageuka akarudi nyumbani bila kuaga.

Uzi ulikatwa siku hiyo hiyo. Mpwa akaanza kubebwa tena. Lakini Darlène aliacha kumwita Mama Arlette mama. Hakumwita jina jingine pia. Alitafuta njia ya kuzungumza bila kumwita. Alisema chakula kiko tayari, alisema maji yamekwisha, alisema mtu yuko mlangoni, na neno lile halikutoka. Ofisini tuliona Mama Arlette anafanya kazi vizuri kama kawaida na kutania kidogo kuliko kawaida. Aliendelea kusindikizwa na akina mama wa watu na kuwauliza swali lake. Lakini mara moja nilimwona amesimama njiani baada ya yule mama kurudi, kasha liko chini, anatazama upande wa nyumbani kwake.

Miezi michache baadaye Darlène mwenyewe alisema anataka wapimwe. Alisema anataka kuingia katika lile kundi la pili, na kwamba kambi ikijua, ijue. Gaspard alifunga cherehani siku hiyo. Wote wakaja kwenye chumba chetu cha Dzaleka, wamevaa nguo za kanisani.

Kabla sijamaliza kisa hicho niseme mradi ulifikia wapi, maana Daktari ameniomba nisisahau. Kwa familia tulizozipima sisi, na kwa hizo tu, watoto walifanana na wazazi waliowazaa kwa kiasi fulani, kwa hiyo urithi upo. Unene ulikuwa na nguvu kubwa, hasa kwa akina mama wa mjini. Watoto wa kulelewa walifanana na nyumba zao kidogo tu, lakini kidogo hicho hakikuwa bure, na Daktari anakiandikia makala sasa hivi. Mama Arlette alipowasomea akina mama wa Dzaleka matokeo, alihitimisha kwamba mbabula imewashwa na watu wengi, hakuna wa kulaumiwa peke yake. Alikumbusha pia kwamba kipimo kimoja hakimwambii mtu mmoja yeye ni nani. Hilo la mwisho alilisema mara mbili.

Anatuachia chumba cha damu kilichopangwa vizuri mpaka hata gizani unajua kitu kilipo, wahudumu wanne aliowafundisha, na desturi ya kuuliza maswali magumu nje ya nyumba, ambayo imeingizwa katika mwongozo wa mradi. Hajawahi kuchelewa isipokuwa siku minibasi ilipoharibikiwa, na hata hiyo aliisukuma. Kwa niaba ya wenzake wote, kwa niaba ya familia za Dzaleka, Kawale, Biwi na Chinsapo, tunamshukuru. Daktari Mwale ameongeza asante sana ya lugha yake, zikomo kwambiri, na ameomba iandikwe hivyo hivyo.

Sasa ile siku. Gaspard alitolewa damu, akafuata Rémy. Darlène alipokaa kwenye kiti aliuficha mkono nyuma ya mgongo, maana tangu utotoni sindano humwogopesha. Nilikuwa mimi kwenye meza, kwa sababu mradi una kanuni kwamba mfanyakazi hatoi damu ya mtoto wake wala ya mzazi wake. Darlène alinitazama, akautazama mkono wangu, nadhani habari za Nyundo zilikuwa zimemfikia. Daktari Mwale alimwonea huruma. Akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba kanuni inahusu jamaa wa damu, na kwa kuwa kwa mujibu wa kundi lake Darlène si wa damu, hakuna kinachomzuia Mama Arlette kumtoa yeye, kwa mkono mwepesi, na binti asiumie. Alisema kwa Kiingereza, lakini Darlène anasoma sekondari na hakuhitaji mkalimani. Mama Arlette alikuwa amesimama ukutani. Hakusogea.

Darlène aliweka mkono wake juu ya meza yangu.

"Docteur, hapana," alisema. "Ule njo mama yangu. Sheria yenu inamukataza."

Niliukosa mshipa mara ya kwanza. Mara ya pili niliupata. Mama Arlette alikuwa amekwisha kuja upande ule wa kiti wanakosimama akina mama, amekishika kichwa cha binti yake na kukilaza tumboni mwake, na alilia bila kujificha, nasi wengine tukapata kazi nyingi za kufanya dirishani.

Mama Arlette, nenda ukapumzike. Tunakuombea afya, miaka mingi na siku zisizo na haraka, na kila asubuhi utakayoamka, uitwe mama.